Mtoto wa Nabii Hazami

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki wadogo wa ndagala kabla hujalimaliza, usijali, shika hapa twende pamoja.

Mama Émérance, nabii wa chumba cha maombi kilicho nyuma ya mashine za mawese pale Rumonge, Burundi, alikuwa amejitia kitanzi kwa kinywa chake mwenyewe. Wakongo wenzake waliokimbilia upande huu wa ziwa walitaka kujua nani atakuwa rais kwao ng'ambo. Kwao swali hilo lilikuwa ni kurudi nyumbani au kuzeekea ugenini. Wagombea wakubwa walikuwa wawili, na watu waliwaita kwa alama zao za kura: Taa na Jembe.

Bahizire, mzee wa Wakongo wa Rumonge na mkubwa wa chama cha Taa upande huu, alikuja akapiga magoti mbele ya kusanyiko zima. Émérance akafumba macho, akamwambia kwamba Taa atashinda.

Kesho yake Fabiano, Mrundi mwenye boti, akaingia kwa mlango wa nyuma. Yeye alimtaka Jembe, kwa kuwa Taa ameapa kuzifungia boti za Burundi bandari zote za ng'ambo. Émérance akafumba macho tena. Akamwambia kwamba Jembe atashinda, na wanaompinga hawatafika ng'ambo.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mmoja lazima ashinde. Aliyeshinda atamtangaza nabii mji mzima, na aliyeshindwa atanyamaza kwa aibu. Mungu hakuwa amesema naye lolote, si kwa Bahizire wala kwa Fabiano. Maishani mwake aliota jambo moja tu likawa kweli, nalo ni ziwa kupanda na kumeza nyumba za ufukweni. Tangu siku hiyo watu hawakumpa ruhusa ya kulala bila kuota.

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga. Wahenga wenyewe hawakumjua Émérance, aliyeponyokwa na zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Matokeo yalitoka asubuhi, redio ikiwa imetundikwa juu ya msumari pale wanapochemshia mawese. Watu walikusanyika hadi moto ukaachwa uzimike. Taa alikuwa mbele kwa unywele. Jembe alikuwa anampumulia kisogoni. Na hakuna aliyefikisha nusu ya kura, ambayo sheria mpya ya kwao inaitaka.

"Deuxième tour, duru ya pili!" mtu akapiga kelele. "Banarudilia!"

Émérance alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitenge, akingoja kufukuzwa kama mbwa aliyeiba samaki. Badala yake akamwona Bahizire anakuja huku anacheza, mikono juu, mtu mzima na kitambi chake.

"Mama nabii! Umeona?"

"Nimeona nini, papa?"

"Ulisema Taa atashinda. Hukusema ni ku tour ya kwanza! Mungu iko na saa yake."

Watu wakapiga vigelegele. Na alipokuwa anapita sokoni kununua samaki wa mukeke, Fabiano akamshika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima, akamshukuru kwa kunong'ona: "Jembe amebakiza kidogo tu. Murakoze cane, mama."

Hapo Émérance akacheka. Alicheka peke yake njia nzima, samaki mkononi. Aliona ametoka salama, na kumbe ndiyo kwanza mlango unafungwa.

Jioni Bahizire akaja kwake na kiti chake mwenyewe, akakaa.

"Unabii nao unasaidiwa, mama. Mutu akipanda mbegu, haimwagilii maji? Tour ya pili tunataka vijana yetu bavuke, bakalinde kura ku vijiji vya ng'ambo. Bakuwe ma-témoin, mashahidi ya chama."

"Si mulituma mumoja ile mara ya kwanza?"

Bahizire akatazama viatu vyake. Yule wa kwanza mawimbi yalimrudisha ufukweni, kinywa kimeshindiliwa karatasi za kura. Mji mzima ulimwona.

"Ndiyo maana banaogopa," akasema. "Nikabauliza: kama mutoto wa nabii anapanda boti, na nyie mutapanda? Bote bakasema ndiyo. Banasema mutoto wa nabii hazami. Nikaenda kwa Bienfait, akakubali palepale. Kijana wa imani yule! Mungu akubariki kwa tumbo lako."

Bienfait alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa mpishi wa sabuni ya mawese, mikono yake yote ina makovu ya soda inayounguza. Émérance alimkuta anakata miche ya sabuni kwa waya, shati lake la njano limemganda mgongoni.

"Hutaenda," akamwambia.

"Juu ya nini, mama?"

"Juu nimesema."

"Weye ulisema Taa atashinda. Mbele ya batu bote. Kama atashinda, miye nitaogopa nini?"

Émérance akakaa juu ya dumu la mawese. Akavuta pumzi. "Bienfait, nilisema uongo. Mungu hakuniambia kitu. Na Fabiano nilimwambia ni Jembe."

Waya ukasimama katikati ya sabuni. Kijana akatabasamu. "Kila mama anasema vile, mutoto akitaka kusafiri."

"Ni kweli tupu, mwanangu."

Bienfait akauliza polepole, bila kumtazama: "Ule mwaka nilipata nafasi ya shule kule Bujumbura. Ukanizuia. Ukasema umeota gari yetu inapinduka ku milima. Nikabaki, nikaanza kupika sabuni. Ile nayo?"

Hakuwa ameota gari lolote. Alikuwa ameogopa kubaki peke yake katika nyumba ile, basi. Akaokota kipande cha sabuni sakafuni, akakipangusa vumbi.

"Usinijibu," Bienfait akasema upesi. "Kama ile ilikuwa uongo, sitaki kuijua. Acha iwe kweli. Na hii nayo iwe kweli." Akavuta waya, mche ukaanguka vipande viwili. "Nitapanda boti."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Émérance hakulala na shaka tena. Jumapili, wakati wa ushuhuda, akanyanyuka, akachukua maikrofoni kutoka mkononi mwa mwimbishaji.

"Bwana asifiwe!"

"Ameeen!"

"Ndugu zangu, leo nashuhudia mabaya yangu. Nilibadanganya. Sikuonyeshwa Taa. Sikuonyeshwa mutu yeyote. Nilifumba macho, nikaona giza, kama vile nyie munaona. Musitume watoto ku maji kwa ajili ya kinywa changu."

Ukasikika mlio wa mashine za mawese kule nje. Émérance akaona machozi kwenye macho ya wanawake, akajua wamemwelewa. Ole wake, alikuwa amewafundisha vizuri mno.

"Shindwa!" ikapasuka sauti kutoka benchi la mbele.

Ilikuwa ya Mama Jephté, shemasi, mwanamke aliyempenda Émérance kuliko dada wa kuzaliwa naye. Alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha kwake kwa huruma.

"Hii si sauti ya nabii wetu! Ni pepo ya uoga imemwingia! Shindwa katika jina la Yesu!"

"Shindwaaa!" chumba kizima kikaitikia.

"Mama Jephté, ni miye!" Émérance akalia. "Muite Fabiano mwenye boti! Muulize nilimwambia nini!"

Fabiano akaitwa kutoka mwaloni, boti zinapofungwa, akaja na kofia mkononi. Akaulizwa. Alikuwa mtu mkweli, amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania kwa mzazi mkali, hakuweza kudanganya ndani ya nyumba ya Mungu.

"Ni kweli," akasema. "Aliniambia Jembe atashinda."

Émérance akashusha pumzi. Ameokoka! Ushahidi ndio huo, umetoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, mchana kweupe.

Bahizire akapanda juu ya benchi. "Munasikia? Amekubali mwenyewe! Adui yetu aliingia kwa mulango wa nyuma, akamuroga nabii wetu!"

Wakamsukuma Fabiano hadi nje. Mmoja akamtemea mate usoni, mwingine akaitupa kofia yake kwenye mfereji wa uchafu wa mawese. Bahizire akamfuata mlangoni na kumwambia mbele ya watu kwamba vijana watavuka kwa boti la Fabiano, si la mwingine, na mafuta atatia yeye, apende asipende, ili unabii umwaibishe kwa mali yake mwenyewe. Na Fabiano, akijua Wakongo hawa wamemzidi wingi pale ufukweni, akakubali kwa kichwa. Kabla hajaondoka akamtazama Émérance kwa mbali, na macho yake yalikuwa ya upole.

"Wamekulazimisha useme hivyo, mama," akasema. "Mimi najua ulichoonyeshwa."

Basi nabii akawa na waumini pande zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyemwamini alipowaambia ukweli.

Wakamfungia katika chumba cha maombi afunge mpaka pepo litoke. Hakupewa chakula wala maji. Mama Jephté ndiye aliyemlinda. Alimfunga mikono kwa kitenge, kwa ulaini, akiweka pamba chini ya fundo asiumie. Alimwosha miguu. Akilia kiu, alimwimbia.

"Vumilia, dada yangu. Ni pepo inalia kiu, si weye."

"Mama Jephté, ninakufa."

"Hufi. Nabii hafi kwa njaa."

Siku ya vijana kuondoka, ya tatu tangu afungiwe, jua likiwa bado kali, Bahizire akaingia na kiti chake. Akawatoa wanawake wote nje. Mama Jephté akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha nabii, akiimba.

Bahizire akakaa, akakunja mguu juu ya mguu.

"Nikuambie siri, Émérance?" Hakumwita mama safari hii. "Miye sikukuamini hata siku moja."

Émérance akainua kichwa.

"Mukubwa wa chama haamini nabii, anamutumia. Nilijua hujaona kitu. Hata bila Fabiano nilijua. Nani anaweza kujua kura zimekaribiana vile zitaangukia wapi? Hata miye sijui. Lakini vijana banataka kusikia kitu kabla ya kupanda."

"Basi mutoe mwanangu, papa. Nakuomba. Nitanyamaza mpaka kufa."

"Kunyamaza hakunisaidii. Boti haiendi na kiti tupu." Akamsogelea. "Bienfait nitamutoa. Lakini utaenda ku maji, utasema jina ingine. Kwa kinywa chako, mbele ya batu. Mungu amebadilisha, basi. Bakisikia Mungu mwenyewe ndiye amechagua, bote batapanda."

"Jina ya nani?"

"Ya yule ambaye mama yake hatakataa."

Huko nje Mama Jephté alikuwa anapuliza moto, wimbo haujakatika.

Msomaji, ningependa kukuambia kwamba Émérance alilia, au aligoma, au alimtemea Bahizire mate. Hakufanya lolote katika hayo. Aliinyoosha mikono yake iliyofungwa ili afunguliwe.

Mwaloni ulikuwa umejaa. Ndagala zilikuwa zimeanikwa mchangani na hakuna aliyekuwa akizigeuza, wachuuzi wote walikuwa wamekuja kuona. Vijana walikuwa wamesimama kando ya boti, wengi wao wavuvi wanaojua injini kama wanavyojua majina yao. Bahizire alikuwa amekusanya simu zao zote katika mfuko wa plastiki, ili wakikaguliwa ng'ambo wasikutwe na picha za chama.

Émérance akajifunika kitenge kichwani, akatembea mpaka maji yakamgusa vidole. Akafumba macho. Aliona giza.

"Roho anasema Bienfait abaki, kazi yake iko huku," akasema. "Aende Jephté."

Mama Jephté akaanguka mchangani kifudifudi. Akainuka na mchanga mdomoni, anacheka na kulia. "Mutoto wangu! Bwana amemwona mutoto wangu! Asante, mama nabii, asante!" Akambusu Émérance mikono, palepale penye alama za kitenge alichomfungia.

Jephté alikuwa kijana mwembamba, mpole, afadhali yake apige gitaa kuliko kuvuta wavu. Akamtazama mama yake anavyofurahi. Akajaribu kufurahi naye. Kisha akavua kandambili, akaingia majini.

Bienfait akamsogelea Émérance mpaka pumzi yake ikamfikia sikioni.

"Huyu naye, Mungu amekuambia?"

Émérance akashusha kitenge hadi usoni. Hii ilikuwa mara ya pili kumnyima mwanawe jibu, na mara hii Bienfait hakumwambia anyamaze. Alingoja. Alipoona halitoki neno, akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma barua hadi mwisho.

"Sawa," akasema.

Sasa, kanisa lile lina desturi yake. Anayetumwa hatazamwi. Sala ya kutuma ikianza, wote wanageuka kuelekea milimani, mgongo ziwani, macho wanafumba, mpaka amina. Wanasema ukimtazama unayemtuma, moyo wako unamwita arudi. Desturi hiyo ilianzishwa na Émérance mwenyewe, zamani, katika moja ya ndoto zake.

Wakageuka. Akaanza kuomba. Alisikia injini inawaka nyuma yake, na hofu ikamshika kwamba Mama Jephté atazinduka, atamwita mwanawe. Basi akairefusha sala. Akawaombea wajane, akawaombea wagonjwa, akaombea mvua na mawese. Akaombea hata serikali. Alikuwa anawafumbisha watu macho ili mtoto wa mwenzake aende mbali, mbali zaidi, mahali pasipofikiwa na sauti ya mama.

"Amina," akasema mwishowe.

"Amina!"

Wakageuka. Boti lilikuwa limeshakuwa dogo kama ganda la karanga.

Mama Jephté akakinga jua kwa kiganja. "Nabaona! Jephté yule, amesimama mbele. Ameshikana mabega na... mama nabii, tazama! Ile shati ya njano si ya Bienfait?"

Émérance akageuka kumtafuta mwanawe mahali alipomwacha. Palikuwa na alama za miguu tu, zinaelekea majini.

"Bwana asifiwe!" Mama Jephté akamkumbatia kwa nguvu. "Hakukubali kumwacha ndugu yake! Sasa iko bote wawili, wako na wangu!"

Émérance akabaki amesimama ndani ya kumbatio lile kama gogo. Bado akajipa moyo. Wamevuka wangapi wakarudi? Bienfait ana akili, ana nguvu. Duru itapita, atarudi, naye mama yake atampigia magoti na kumwambia yote.

Mtu akakohoa kando yake. Alikuwa Fabiano, kofia kifuani, imefuliwa lakini doa la mawese halijatoka.

"Amahoro, mama."

"Amahoro."

"Usihuzunike kwa yale waliyokufanyia. Niliona walivyokufunga." Akashusha sauti. "Nilimsikia Bahizire anasema unabii unasaidiwa. Ni kweli. Yeye amesaidia wake, nami nimesaidia wako ule wa kweli, ulionipa mimi."

"Umefanya nini, Fabiano?"

"Si ulisema wanaompinga Jembe hawatafika? Nimewatilia mafuta ya kufika katikati ya ziwa. Lile dumu la akiba ni maji."

Aliyasema kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kazi aliyoifanya vizuri. Huko kati, upepo wa jioni ukishuka kutoka milimani, hata wavuvi wa Kabonga wasioogopa kitu hukimbilia pwani. Na simu za vijana zilikuwa katika mfuko wa Bahizire.

"Waambie!" Émérance akamshika shati. "Waambie sasa hivi, boti lingine liwafuate!"

"Mimi?" Fabiano akashangaa kweli. "Wewe ndiye nabii. Ulisema mwenyewe." Akaitoa mikono ya Émérance taratibu, akarudi nyuma, akapotea katikati ya watu.

Émérance akapiga kelele ambayo hajawahi kuipiga katika unabii wowote.

"Barudisheni! Mafuta hakuna! Dumu ni maji! Batabaki katikati! Tumeni boti!"

Watu wakageuka. Mmoja akaguna kwa masikitiko. Mwingine akaanza kukemea. Mama Jephté akaja mbio, uso umejaa upendo, akamziba mdomo kwa kiganja, kwa ulaini uleule.

"Imerudi tena, jamani! Ile pepo ya uoga imerudi! Nishikieni miguu!"

Wakamlaza mchangani katikati ya ndagala. Kiganja cha Mama Jephté kilinuka sabuni ya Bienfait. Émérance akamng'ata, na mwanamke yule hakukitoa. Alilia tu kwa huruma, na damu yake ikamwingia Émérance mdomoni.

Kisha, kati ya miguu ya watu, akamwona Bahizire.

Bahizire alikuwa amesikia. Alimtazama Émérance, akamtafuta Fabiano kwa macho asimwone, akalitazama boti kule mbali. Rangi ikamtoka. Huyu ndiye mtu wa pekee pale mwaloni aliyejua kwamba hakuna pepo lolote, na kwamba mwanamke huyu anasema kweli. Neno lake moja lingetosha kuwasha injini zote zilizofungwa pale.

Akainua mkono. Umati ukamgeukia.

Émérance akaacha kupigana. Akamtazama kama hajawahi kumtazama mtu, akamwomba kwa macho, kwa kuwa mdomo haukuwa wake.

Bahizire akalitazama ziwa mara nyingine, kisha akawatazama watu wake, wote waliokuwa wakingoja aseme.

"Ndugu zangu," akasema, "tugeukie milima. Tufumbe macho."